Mkwara Mezani

Poka nilijifunza chuoni, mwaka wa pili, kwa vizibo vya soda. Tuliishi wanne chumba kimoja cha hosteli, vitanda viwili vya ghorofa na dirisha lisilofunga vizuri. Umeme ukikatika, na ulikatika sana mwaka ule, hakuna aliyejifanya anasoma kwa mshumaa. Mwenzetu wa kitanda cha juu alikuwa akishuka na pakiti ya karata. Mwanzoni tulicheza arubastini kama watu wote. Kisha akaja na mchezo aliojifunza kwa kutazama video, Texas Hold'em, akauandika kanuni zake nyuma ya karatasi ya notisi za mhadhara na kuibandika ukutani juu ya ndoo ya maji.

Usiku wa kwanza nilipata wafalme wawili. Karata za mezani hazikunitisha hadi ilipofunuliwa ya mwisho, nayo ikawa ree. Jamaa akanitazama, akasukuma vizibo vyake vyote katikati, akanyamaza. Nilikaa nikipiga hesabu kwa dakika nzima. Ana ree, nikasema moyoni, lazima ana ree. Nikatupa karata. Yeye akafunua zake: saba na mbili, za maua tofauti, karata mbovu kuliko zote za kuanzia katika mchezo ule.

“Umenidanganya,” nikamwambia.

“Nimesema neno gani?”

Hakuwa amesema neno. Wote wakacheka, nami nikacheka, lakini swali lake lilinikaa. Miaka mingi baadaye bado sijalimaliza, na sababu yake haikutokea mezani, ingawa ni lazima nianzie mezani ili nieleweke.

Kanuni zenyewe hazichukui muda. Kila mchezaji anapewa karata mbili, anaziona peke yake. Wawili walioketi kushoto kwa mgawaji wanalazimika kuweka dau dogo kabla ya kuona chochote, ili pawe na kitu cha kugombea. Halafu kila mmoja kwa zamu analipa kiasi kilichowekwa, au anapandisha, au anatupa karata zake na kukaa pembeni. Zinafunuliwa karata tatu katikati ya meza, na hizo ni mali ya wote. Madau tena. Ya nne, madau tena. Ya tano, madau ya mwisho. Waliobaki wanafunua, kila mmoja akiwa na karata saba za kuchagulia tano bora: jozi moja ni kitu kidogo, jozi mbili zinaishinda, tatu za aina moja zinashinda hizo, halafu tano zinazofuatana, tano za ua moja, tatu na mbili, nne za aina moja, na juu kabisa tano zinazofuatana zikiwa za ua moja.

Ukikaa kimya ukaitazama meza utaona jambo la ajabu. Karata tano kati ya saba za kila mtu ziko wazi. Madau yako wazi, kila mtu anaona nani kaweka kiasi gani na lini. Kinachofichwa ni karata mbili tu. Poka ya zamani, ile iliyochezwa kwenye meli za mto Mississippi karne ya 19, ilificha karata zote tano; kucheza kulikuwa kama kupapasa gizani. Hold'em imewasha taa ikaacha kona moja na giza, na mchezo wote unaendeshwa kutoka katika kona hiyo. Jozi za kuanzia zinazowezekana kutoka katika karata 52 ni 1,326. Ree mbili, zilizo bora kuliko zote, huja wastani wa mara 1 katika 221, na hata ukizipata, mwenye wafalme wawili bado atakushinda karibu mara moja katika tano. Nayasema haya kwa sababu wengi hudhani mchezo huu ni wa kusubiri karata nzuri. Karata nzuri haziji. Ukizisubiri utakuwa umelala njaa.

Kuna njia mbili za kushinda fungu la katikati. Ya kwanza ni kuwa na karata bora mwishoni. Ya pili ni kuwafanya wenzako wote watupe zao kabla ya mwisho, na ukishinda hivyo hulazimiki kuonyesha ulichokuwa nacho. Katika njia hiyo ya pili ndipo anapoishi yule jamaa yangu wa saba na mbili. Kiingereza wana neno lao. Sisi tunalo letu na sioni kwa nini tuazime: mkwara. Anayepigwa mkwara anatishwa na kitu ambacho huenda hakipo. Mtaani tuna pia kuzuga, ambako ni kujifanya. Na tuna uongo, ambao kila mtoto anaujua kwa sababu amechapwa kwa ajili yake. Hakuna mtoto aliyewahi kuchapwa kwa kupiga mkwara. Kwa nini?

Mchezo huu una kwao. Mwaka 2007 bunge la jimbo la Texas lilipitisha azimio likiutambua mji mdogo wa Robstown kuwa ndipo ulipozaliwa, mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa miongo kadhaa ulibaki mchezo wa Texas, ukichezwa vyumba vya nyuma kwa sababu kamari ilikuwa marufuku. Wacheza kamari kama Doyle Brunson na mwenzake Amarillo Slim walizunguka kwa gari mji hadi mji wakitafuta meza, na waliyoyasimulia baadaye yalihusu majambazi na polisi kama yalivyohusu karata. Mnamo 1967 Watexas hao waliupeleka Las Vegas. Mwaka 1970 Benny Binion aliwakusanya wachezaji wakubwa katika kasino yake, Horseshoe, yakaanza mashindano yanayoitwa ya dunia. Bingwa wa kwanza, Johnny Moss, alipatikana kwa kura za wenzake. Fikiria hilo: watu wanaoishi kwa kutoaminiana wanapiga kura kumtambua aliye bora, na kura inakubalika.

Hesabu nazo ziliingia, mapema kuliko Las Vegas. John von Neumann, mwanahisabati aliyezaliwa Budapest, alikuwa akiiwazia poka tangu miaka ya 1920, na mwaka 1944, pamoja na mwanauchumi Oskar Morgenstern, akatoa kitabu kikubwa kuhusu nadharia ya michezo. Katika poka aliyoirahisisha ili iweze kukokotolewa, aligundua kwamba mchezaji asiye na kosa lolote lazima apige mkwara. Mkwara hautokani na tabia mbaya wala ujasiri, ni sehemu ya jibu sahihi la hesabu. Na haupigwi na karata za wastani, unapigwa na mbovu kabisa, maana za wastani zina nafasi ya kushinda zenyewe.

Sababu ni rahisi ukiiona. Mtu asiyepiga mkwara kamwe, siku akiweka dau kubwa kila mtu anajua ana kitu, wanatupa karata, naye hapati chochote kwa utajiri wake. Mtu anayepiga mkwara kila mara analipwa, halafu anafilisika. Mahali fulani katikati kuna kipimo. Ukiweka dau lililo sawa na fungu lililopo, mpinzani wako analipa moja ili apate mbili. Kwa hiyo katika kila madau yako matatu ya namna hiyo, moja likiwa mkwara, yeye hana njia ya kukukamata: akilipa au akitupa ni mamoja. Mkwara wangu ndio unaoipa thamani kweli yangu. Sentensi hiyo ilinifurahisha sana nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja. Niliirudia kwa watu waliokuwa hawajaniuliza.

Mtakatifu Augustino angenikunjia uso. Yeye aliuweka uongo katika nia: aliye na jambo moja moyoni na kutoa jingine ili amdanganye mwenzake, huyo ni mwongo. Jamaa yangu alisukuma vizibo ili niamini ana ree. Nia ipo. Kutosema neno hakumsaidii, maana kwa vizibo mtu anasema vizuri kuliko kwa mdomo.

Lakini hebu tumtazame Chris Moneymaker (ndilo jina lake la kweli, aliyelipa mtu jina la namna hiyo ana utani). Mwaka 2003 alikuwa mhasibu wa Tennessee, miaka 27, aliyepata nafasi katika mashindano ya dunia kwa kushinda mchezo wa mtandaoni ulioanza na kiingilio kisichofika dola 100. Nafasi yenyewe ilikuwa ya dola 10,000. Akafika mwisho, watu wawili, yeye na Sam Farha, mchezaji wa kulipwa mzaliwa wa Beirut. Katika mzunguko mmoja Moneymaker alikuwa na mfalme na saba. Kila karata aliyoihitaji ilikataa kuja. Ya tano ilipofunuliwa hakuwa na hata jozi. Farha alikuwa na jozi ya tisa. Moneymaker akasukuma kila alichokuwa nacho. Farha akafikiri, akamchokoza kwa maneno, akatafuta kitu usoni mwake, mwisho akatupa karata. Kijana akaondoka Las Vegas na dola milioni 2.5, na mwaka uliofuata washiriki wakapanda kutoka 839 hadi 2,576, kila mmoja akijiona mhasibu mwenye bahati.

Dunia iliiona kwa sababu ya kamera ndogo zinazosoma karata zilizofichwa. Aliyezibuni na kuzipatia hataza Marekani miaka ya 1990 ni Henry Orenstein, Myahudi wa Poland aliyenusurika kambi za Wanazi kisha akatajirika kwa kubuni midoli. Kabla ya kamera hizo poka kwenye televisheni ilikuwa watu wenye kofia wakitazamana. Baada yake mtazamaji aliona anachokiona mwongo na asichokiona anayedanganywa, kwa wakati mmoja. Nimeitazama ile karata ya Farha mara nyingi. Kila mara natafuta hasira ya kumkasirikia Moneymaker, siipati. Farha naye, nadhani, hakudhulumiwa. Alikuja kwa miguu yake, alijua karata mbili zitafichwa, alijua mtu yule anaweza asiwe na kitu. Angekuwa yeye angefanya vivyo hivyo, na kazi yake ilikuwa kufanya vivyo hivyo.

Ukikaa na wachezaji wenyewe utagundua kwamba wana orodha ndefu ya udanganyifu wasiouvumilia. Wawili waliopatana kwa siri kugawana watakachopata ni wezi, hakuna mjadala. Ukificha sarafu zako kubwa nyuma ya ndogo ili mpinzani asijue una kiasi gani, utaambiwa uzitoe mbele. Ukinyoosha mkono na sarafu kana kwamba unaweka dau, ukamsoma mwenzako uso, kisha ukaurudisha mkono, hujavunja sheria kila mahali, lakini jina lako limekwisha. Nilishangaa. Watu hawa wanalipana mamilioni kwa kudanganyana na bado wanamdharau mtu kwa kurudisha mkono?

Nikaja kuelewa hivi. Karata mbili ni kona tuliyokubaliana iwe na giza. Kiasi cha sarafu zangu, zamu ya nani, mkono umeweka au haujaweka: hivyo tulikubaliana viwe kwenye mwanga. Udanganyifu ndani ya giza lililokubaliwa ni mchezo. Udanganyifu ule ule ukihamia kwenye mwanga ni uhuni. Kitendo kinaweza kufanana kabisa, nia ikafanana kabisa, na kimoja kikawa ufundi na kingine wizi. Hapa naona Augustino alituacha njiani. Nia haitoshi. Lazima uulize pia tulipatana nini kabla.

Wapo walioichukua fikra hii wakaenda nayo mbali. Mwaka 1968 Albert Carr aliandika katika jarida la Harvard Business Review kwamba biashara ni kama poka. Anayezidisha chumvi katika mapatano ya mshahara au kuficha udhaifu wa bidhaa yake bila kuvunja sheria, kwa maoni ya Carr, hatendi dhambi, anacheza mchezo ambao kila aliyeingia anazijua kanuni zake. Maadili ya nyumbani ayaache nyumbani. Wasomaji wengi walimjia juu. Mimi nilipomsoma, sikumjia juu. Nilimwona ni mtu aliyetembea Kariakoo. Muuzaji akikwambia “hiyo ndiyo bei ya mwisho, hapo sipati hata mia,” anasema uongo, nawe ukisema “basi nakwenda” unasema uongo, mnafanya hatua tatu, mnaitana, mnapatana. Nani kadhulumiwa? Asiyejua kwamba bei ya mwisho si ya mwisho ni mgeni, na hata mgeni anafundishwa na umati baada ya dakika tano.

Mwaka wa tatu niliuza laptopu yangu. Nilibandika tangazo kwenye ubao wa hosteli: laki nne na hamsini, mazungumzo yapo. Akaja kijana wa mwaka wa kwanza, amepanda basi la mkoani mwezi uliopita, mashati yake bado yana mikunjo ya sanduku. Nilimwambia kweli kwamba betri imechoka, inakaa saa moja. Akasema ana laki tatu na themanini. Nikamwambia, bila kufikiri, kwa ulaini wa mtu aliyecheza Hold'em miezi kumi na minane: “Kuna jamaa mwingine anakuja saa kumi kuichukua.”

Hakukuwa na jamaa. Mpaka hapo, nadhani, bado tulikuwa Kariakoo. Kama angeniambia “basi mwache aichukue,” akafika mlangoni, ningemwita, na tungekuwa tumemaliza kama Waswahili.

Hakufika mlangoni. Alikaa kwenye kitanda cha chini, akaishika ile mashine magotini, akaniuliza kwa sauti ya chini: “Kaka, wewe ungekuwa mimi, ungenunua?”

Nimelifikiria swali hilo kuliko mihadhara yote ya falsafa niliyohudhuria. Kijana yule alikuwa ametupa karata zake. Alikuwa ameziweka chali kitandani, akahamia upande wangu wa meza, akaniomba nimsaidie kumtazama muuzaji. Muuzaji alikuwa mimi. Kama ningekuwa Farha au Moneymaker, mtu akiniuliza vile katikati ya mzunguko, huo nao ni mchezo, ni ndoano ya kunifanya niongee. Yeye hakuwa na ndoano. Alikuwa na neno kaka, na neno hilo kwetu halitumiki hovyo na mtoto aliyelelewa. Ukiitikia, umekubali kitu.

“Ningenunua,” nikamwambia. “Tena haraka.”

Alilipa laki nne na arobaini. Ilikuwa sehemu kubwa ya bumu lake la kwanza, nilikuja kujua, na mwezi ule alikuwa akila ugali kwa zamu na wenzake. Hilo lisitutie huruma kupita kiasi. Wengi wetu tulikula hivyo, na laptopu ilifanya kazi mpaka akahitimu. Angeweza kuwa tajiri na jambo lingebaki lile lile. Elfu sitini si hoja yangu.

Hapa ndipo ninapoachana na Carr. Sidhani amekosea kwamba biashara ina meza yake. Ninachokiona ni kwamba mezani Las Vegas kuna ukingo wa mbao, kuna mgawaji, kuna kiti ambacho ukikiinuka kila mtu anaona umetoka. Maisha hayana ukingo huo. Mtu anatoka mezani kwa swali moja lililosemwa polepole, na anayeweza kuona ametoka ni yule tu aliyeulizwa. Ukiwa na hamu ya kushinda, hutaona. Au utaona, kama nilivyoona mimi. Maana niliona. Kulikuwa na kitambo kifupi kabla sijajibu, kama kile cha kutazama ree mezani, na katika kitambo hicho nilijua kabisa kwamba huyu sasa hachezi. Nikasukuma vizibo.

Miaka minne baada ya kuhitimu nilikuwa na kazi na namba yake ilikuwa bado kwenye simu yangu. Jioni moja nikamtumia elfu sitini. Hazikupita dakika mbili akapiga.

“Kaka! Umekosea namba?”

Nikasema hapana, ni yako. Akauliza ya nini. Nilikuwa nimeandaa maneno, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi bafuni kama mtu anayekwenda kuposa. Jamaa wa saa kumi hakuwepo. Sentensi fupi kuliko zote.

“Ile laptopu,” nikasema. “Betri ilikuwa mbovu kuliko nilivyokwambia. Imekuwa ikinisumbua.”

Akacheka sana. Akasema betri aliibadilisha mwezi wa pili tu, wala haikuwa ghali, na kwamba watu kama mimi wamebaki wachache.